Rekodi za Reli Zinazovuka Mipaka, Kutoka Kipkelion Hadi Chini ya Bahari

Ukiwa Kimulot, huku Konoin, Bomet, husikii honi ya treni. Reli iliyo karibu imepita kaskazini, Londiani na Kipkelion, na kati yetu na hiyo kuna Kericho nzima na mashamba yake ya chai. Majani mabichi hutoka kituo cha kununulia hadi kiwandani kwa lori, na chai iliyokwisha kukaushwa hutoka kiwandani hadi Mombasa kwa lori vilevile. Ndiyo maana mtu wa Konoin akisoma habari za treni zinazopita chini ya bahari kutoka nchi moja hadi nyingine, huziweka katika fungu la maajabu ya watu wa mbali. Ukweli ni kwamba reli za kuunganisha majirani zina historia ndefu hapa kwetu, na baadhi ya rekodi zake unaweza kuzifikia kwa matatu ukarudi siku hiyo hiyo.

Mpaka uliohama

Nitaanza na rekodi isiyotajwa sana. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ufuoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901. Siku hizo eneo lote la kuanzia Naivasha kuelekea magharibi lilihesabiwa kuwa Uganda. Londiani, Kipkelion, Kericho, Sotik na Kisumu, na sisi wa Kimulot kati yao, tulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Kwa hiyo treni ya kwanza kutoka Mombasa hadi ziwani ilivuka mpaka wa himaya mbili za Waingereza, ya Afrika Mashariki na ya Uganda.

Hali hiyo ilidumu miezi michache tu. Tarehe 1 Aprili 1902 London iliukata mkoa huo kutoka Uganda na kuuhamishia upande wa pili. Treni haikusogea, mpaka ndio uliosogea. Reli ikabaki na jina la Uganda huku yote ikiwa ndani ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Sijui reli nyingine iliyopoteza sifa ya kuwa ya kimataifa upesi namna hiyo. Kampala yenyewe ilisubiri hadi 1931 ndipo ikaunganishwa na Mombasa kwa reli, baada ya daraja la Mto Nile kukamilika Jinja.

Kipande cha reli hiyo kinachopita upande wetu ndicho kilichowatoa jasho wajenzi. Treni ikishavuka Mau Summit, mita 2,536 juu ya usawa wa bahari, ina deni la kuteremka mita 1,400 hivi kabla ya kufika Kisumu. Mabonde ya Mau ni mengi na ya ghafla, na mvua yake kila mkulima wa chai anaijua. Wajenzi walilazimika kusimamisha madaraja marefu ya chuma 27 ili kuruka mabonde hayo. Kazi hiyo haikupewa kampuni ya Uingereza. Ilikwenda kwa American Bridge Company ya Marekani, na vyuma vikaletwa kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa reli hiyo hiyo hadi vilipohitajika. Kati ya Kipkelion na Fort Ternan reli inazama ndani ya kilima, na stesheni ya hapo ikaitwa Tunnel. Soko lililokua kando yake lina jina hilo hadi leo. Kwa hiyo mtu wa Kericho akiulizwa handaki la treni ni nini, hana haja ya kutafuta picha ya Ulaya.

Idadi ya vibarua walioletwa kutoka India kwa ujenzi wa reli yote ilikaribia 32,000. Wapatao 2,500 walikufa kabla kazi haijaisha. Wengi wetu tumefundishwa habari za simba wa Tsavo, lakini waliouawa na simba ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Magonjwa na ajali ndivyo vilivyochukua wengi. Upande wa pili wa njia Wanandi walipigana na reli na waliokuja nayo kwa zaidi ya mwongo mmoja, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Rekodi za uhandisi zikihesabiwa, watu hawa nao wahesabiwe.

Ya kwanza, ya juu na yenye nguvu

Wengi huiita Reli ya Uganda kuwa reli ya kwanza Afrika Mashariki. Siyo. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alijenga reli yake kutoka Mji Mkongwe hadi jumba lake la Chukwani mwaka 1879, miaka 17 kabla ya taruma la kwanza kulazwa Mombasa. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha kikaletwa kichwa cha mvuke. Ilikuwa na urefu wa maili saba hivi, ikafa pamoja na mwenyewe mwaka 1888. Fupi, ya anasa, lakini ya kwanza ni ya kwanza.

Ya juu zaidi tunayo sisi wa Bonde la Ufa. Njia inayotoka Nakuru kwenda Eldoret na Malaba hupanda hadi Timboroa, stesheni iliyo mita 2,740 hivi juu ya usawa wa bahari, na karibu na hapo reli inafika kilele cha mita 2,784. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa stesheni ya juu kuliko zote katika nchi za Jumuiya ya Madola. Wapenzi wa chai watafurahi kuilinganisha na Ghum, stesheni maarufu ya Darjeeling kule India, ambako treni ndogo hupanda milimani katikati ya mashamba ya chai. Ghum iko mita 2,258. Timboroa inaipita kwa karibu mita 500, tena kwa reli pana zaidi na treni za mizigo mizito zilizokwenda nchi jirani. Ghum ina watalii wa dunia nzima. Timboroa ina baridi na ukimya, na haikustahili kusahauliwa namna hiyo.

Kisha kuna injini. Ukienda Jumba la Makumbusho la Reli jijini Nairobi utakuta kichwa nambari 5918, Mount Gelai, kimepakwa rangi ya damu ya mzee. Ni cha aina ya Garratt, daraja la 59, na ukikitembelea kutoka ncha hadi ncha utaelewa ubunifu wake. Tangi la maji liko mbele, juu ya seti nzima ya magurudumu. Nyuma kuna seti nyingine kama hiyo, nayo imebeba maji na mafuta. Bwela kubwa limening'inizwa katikati ya hizo mbili bila magurudumu chini yake, kwa hiyo lilitengenezwa nene kuliko injini ya kawaida ingeweza kubeba. Kwenye kona kali kila seti hujipinda kivyake, nayo injini yote hupita bila kung'oa reli. Injini 34 za daraja hilo zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Hakuna injini za mvuke za reli ya upana wa mita moja zilizowahi kuzishinda nguvu popote duniani. Ukiingia chumba cha dereva ukasimama mbele ya mlango wa tanuri, huwezi kukosa kuwaheshimu waliofanya kazi humo kutoka Mombasa hadi Nairobi usiku kucha.

Reli ya vita kati ya Kenya na Tanzania

Kenya na Tanzania ziliunganishwa kwa reli mara ya kwanza kwa sababu ya vita. Waingereza walipotaka kuishambulia Afrika Mashariki ya Wajerumani, walijenga njia kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya kupeleka askari, maji na risasi. Mwaka 1916 ikavuka mpaka na kuungana na reli ya Wajerumani ya Usambara pale Kahe, karibu na Moshi. Baada ya vita njia ile ile ya kijeshi ikawa ya abiria, kahawa na katani. Ilijengwa kwa haraka na kwa nia mbaya, lakini ilidumu miongo mingi kama kiungo cha majirani. Leo treni ya Dar es Salaam inafika tena Moshi na Arusha, ila kile kipande cha kwenda Taveta kimelala.

Chini ya bahari: nani hasa mrefu?

Hapa watu hubishana bila sababu, kwa kuwa kuna majibu mawili na yote ni sahihi.

Handaki la Seikan nchini Japani, linalounganisha visiwa vya Honshu na Hokkaido, lina urefu wa kilomita 53.85. Ndilo refu kuliko mahandaki yote ya reli yanayopita chini ya bahari. Lakini sehemu yake iliyo chini ya maji hasa ni kilomita 23.3. Handaki la Mlango-Bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ni fupi kidogo, kilomita 50.45, karibu sawasawa na barabara kuu ya Thika kutoka mwanzo hadi mwisho, ila kilomita 37.9 zake ziko chini ya bahari. Kwa kipimo hicho hakuna handaki linalolifikia. Bahari kati ya Unguja na bara, pale inapobana, haipishani sana na umbali huo.

Seikan ilizaliwa na msiba. Septemba 1954 kimbunga kiliizamisha meli ya Toya Maru, iliyokuwa ikivusha abiria na mabehewa ya treni kati ya visiwa hivyo viwili, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Japani ikaamua treni zisivuke tena juu ya maji yale. Wachimbaji walikutana na miamba iliyopasuka na maji yaliyofurika zaidi ya mara moja, katika kazi iliyoshuka hadi mita 240 chini ya usawa wa bahari. Wafanyakazi 34 walikufa. Handaki likafunguliwa Machi 1988, na tangu 2016 treni za kasi za Shinkansen hupita humo.

Handaki la Mlango-Bahari lina hadithi nyingine kabisa, na kwangu ndiyo yenye funzo zaidi kwa nchi jirani. Mwamba wake ni rahisi, chokaa yenye udongo inayokatika vizuri na isiyopitisha maji sana. Uhandisi haukuwa kikwazo. Mashine zilishaanza kuchimba pande zote mbili miaka ya 1880, na kazi ikasimamishwa na Waingereza mwaka 1882 kwa sababu majenerali wao waliogopa jeshi kupitia humo. Hofu ya jirani ikaahirisha safari ya treni kwa zaidi ya miaka 100.

Walipoanza tena walitumia mashine 11 za kuchimbia. Waliochimba kutoka Uingereza na waliochimba kutoka Ufaransa walikutana tarehe 1 Desemba 1990 katika njia ndogo ya huduma iliyo katikati ya njia mbili za treni. Baada ya makumi ya kilomita chini ya bahari, walipishana kwa chini ya nusu mita. Graham Fagg wa Uingereza na Philippe Cozette wa Ufaransa wakapeana mikono kupitia tundu. Malkia Elizabeth II na Rais François Mitterrand walilifungua tarehe 6 Mei 1994. Kifusi cha upande wa Uingereza kilitumiwa kutengeneza ardhi mpya chini ya majabali ya Dover, na leo ni hifadhi iitwayo Samphire Hoe, ambako watu huenda kutembea. Kati ya London na Paris sasa ni saa mbili na robo hivi.

Kinachonivutia kuliko urefu wake ni karatasi. Abiria wa London hukaguliwa na maofisa wa Ufaransa akiwa bado London, na wa Paris hukaguliwa na Waingereza akiwa bado Paris. Akishapanda, treni haisimami mpakani. Na hili si geni kwetu. Malaba, Busia, Namanga na Holili-Taveta kuna vituo vya pamoja vya mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja na dereva wa lori husimama mara moja tu. Jambo gumu kabisa la kisheria tumekwisha kulifanya kwa malori. Hatujalifanya kwa treni ya abiria kwa sababu treni yenyewe haipo.

Mahandaki mengine niyataje kwa haraka. Severn, kati ya Uingereza na Wales, lilifunguliwa 1886 na ni la urefu wa kilomita 7. Marmaray la Istanbul, la mwaka 2013, hupitisha treni chini ya Bosporus kutoka Ulaya hadi Asia kwa mabomba yaliyozamishwa hadi mita 60. Denmark na Ujerumani zinajenga Fehmarnbelt, kilomita 18 za mabomba ya aina hiyo, nalo litakuwa refu kuliko yote ya kuzamisha. Kwenye nchi kavu bingwa ni Gotthard la Uswisi, kilomita 57, lililofunguliwa Juni 2016. Moroko na Hispania zimekuwa zikichunguza handaki la Gibraltar tangu mwisho wa miaka ya 1970. Maji ya hapo yana kina cha mita 300 hata pale penye afueni, na bado hakuna aliyeanza kuchimba.

Treni iliyopanda meli

Sisi hatukuchimba chini ya ziwa. Tuliweka treni juu ya meli. Katikati ya miaka ya 1960 East African Railways iliingiza MV Umoja na MV Uhuru, meli zenye reli sakafuni. Behewa lililotoka Mombasa lilisukumwa hadi ndani ya meli gatini Kisumu, likavuka Ziwa Victoria, likashuka na kuendelea na safari Uganda au Tanzania bila gunia moja kupakuliwa. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu nchi zote tatu zilikuwa na reli ya upana mmoja, mita moja kamili, chini ya shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika likagawanywa, na meli nazo zikagawanywa. MV Uhuru ilikaa miaka mingi bila kazi kabla ya kurudishwa majini mwaka 2019, na sasa mafuta ndiyo mzigo wake mkubwa kutoka Kisumu hadi Port Bell. Katika rekodi zote za eneo letu hii ndiyo ninayoionea fahari zaidi, na ndiyo iliyoniuma zaidi ilipopotea.

TAZARA na tatizo la upana

Reli ndefu kuliko zote za kuunganisha majirani katika ukanda huu ni TAZARA: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Zambia haikuwa na njia salama ya kutoa shaba yake kupitia Rhodesia ya walowezi, na nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli ya kuelekea Dar. Nyerere na Kaunda wakaenda China. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976. Ina mahandaki 22, mengi yake yakiwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Kipande hicho ni ndugu wa Mau yetu, chenye mvua, maporomoko na mabonde yasiyoisha. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika ujenzi na wengine wamezikwa Tanzania.

Lakini TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067 ili iungane na Zambia. Reli ya kati ya Tanzania ni milimita 1,000. Treni zao hazibadilishani njia, na Kidatu mzigo hupakuliwa kwenye moja na kupakiwa kwenye nyingine. Sasa reli za kisasa (SGR) za Kenya na Tanzania zina upana wa milimita 1,435. Kontena la Uganda likitoka Mombasa kwa SGR hufika Naivasha, hunyanyuliwa, huwekwa kwenye behewa la reli ya zamani, ndipo liendelee Malaba. Tuna kreni mahali ambapo zamani behewa lilijipitia.

Nafasi ambayo bado iko wazi

Handaki refu zaidi la reli nchini Kenya ni la Ngong, kilomita 4.5, kwenye njia ya Nairobi hadi Naivasha iliyofunguliwa Oktoba 2019. Baada ya hapo mchoro wa awamu ya pili unatoka Naivasha, unapita Narok na Bomet, na kushuka hadi Kisumu, kilomita 262, kisha Malaba. Kwa mara ya kwanza tangu 1901 reli imechorwa upande wa kusini wa nchi ya chai. Wakulima wa Kimulot wana haki ya kuuliza ni nini hasa kitapakiwa hapo Bomet. Mnada wa Mombasa, ulioanza Nairobi 1956 na kuhamia pwani 1969, huuza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kongo. Soko tayari ni moja. Stesheni ya mizigo yenye ghala kavu ingetufaa kuliko jengo zuri la kupigia picha abiria.

Ethiopia na Jibuti zimekwisha kutangulia. Njia yao ya umeme ya zaidi ya kilomita 750 ilizinduliwa 2016, na hutajwa kuwa ya kwanza ya umeme ya kuvuka mpaka barani Afrika. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna aliyevuka mpaka kwa reli ya kisasa bado. Tanzania, ambayo treni zake za umeme zilianza kupeleka abiria Dodoma Julai 2024, ilitia saini na Burundi mkataba wa njia ya Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, mwanzoni mwa 2025. Ikikamilika Burundi itapata reli kwa mara ya kwanza katika historia yake. Uganda nayo ilitia saini na Yapı Merkezi ya Uturuki Oktoba 2024 kwa njia ya Malaba hadi Kampala, ila njia hiyo itakuwa na maana kamili pale tu Kenya itakapofika Malaba, nayo itafika Malaba kwa kupita Bomet.

Ningependa sana rekodi ya kuvuka mpaka kwanza kwa reli ya kisasa ije upande wetu. Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, naona Musongati iko mbele.